Mkebe wa Dawa Dukani kwa Mama Njoki

Kama una dawa unazozificha mahali, nitakwambia kwanza nilipozificha zangu, usije ukajiona wewe ndiye mjanja wa kwanza. Zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kaunta ya duka la Mama Njoki, mtaa wa Huruma, hapa Eldoret. Kila asubuhi nilikwenda kununua maziwa, nikameza vidonge vinne kwa chai yake, nikarudi nyumbani na pakiti ya maziwa mkononi. Mume wangu aliamini kwamba napenda kupiga domo na yule mama.

Nimepona. Nasema mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi. Habari za vijidudu na namna vinavyosafiri sitakueleza, hizo zimebandikwa ukutani kliniki na utapata muda mwingi wa kuzisoma ukiwa kwenye benchi. Mimi namwandikia yule aliyekaa mwisho wa benchi hilo, ameficha kichupa cha makohozi ndani ya mkoba kana kwamba amekiiba. Nilikuwa wewe. Nilikaa hapo hapo.

Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule. Nina mashine, ile ya kusukuma chuma kulia na kushoto, kila msukumo mstari mmoja. Kikohozi kilinianza mwezi wa saba, wakati wa baridi, na kila mpangaji katika ploti yetu alikuwa na jibu. Walisema ni uzi. Vumbi la uzi linaingia kifuani, wafumaji wote hukohoa, nijifunge kitambaa. Nikajifunga kitambaa. Zamani nilikuwa nasukuma mistari arobaini ndipo ninyooshe mgongo. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nasukuma kumi na miwili, kisha naegemea meza kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Sketi zangu zikaanza kuzunguka kiunoni zenyewe, zipu nilikuwa naikuta mbele.

Mama Njoki ndiye hakukubali. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mtu wa kutoka sehemu za kati, aliyefungua duka Huruma kabla hata mimi sijaolewa. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku moja nilikohoa mbele ya kaunta yake mpaka nikashika vyuma vya dirisha, naye akaendelea kupima sukari ya mteja mwingine, akamaliza, mteja akaondoka, ndipo akaniambia, "Mama Sharon, hiyo si uzi. Uzi haitoi mtu nyama."

Nilikwenda kliniki ya kifua bila kumwambia mtu. Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Sista alinipa kichupa, akanituma nyuma ya jengo nikakohoe. Kulikuwa na wanaume wawili huko, na mimi ni mwanamke wa kwaya, sikulelewa kutoa makohozi mbele ya wanaume. Nikatema mate kwa adabu, nikafunika. Sista alikiinua kichupa kwenye mwanga, akaniangalia, akasema haya ni mate, mama, mate hata mimi ninayo. Nilirudishwa mara mbili. Kwa hiyo wewe unayesoma, sahau adabu. Vuta pumzi hadi tumboni, kohoa kitu cha ndani.

Daktari alinionyesha picha ya eksirei kwenye dirisha. Mapafu mazuri huonekana meusi kwa sababu yamejaa hewa, alisema, na langu la kulia kwa juu lilikuwa limetanda weupe, na katikati ya ule weupe palikuwa na tundu. Akanieleza kwamba pafu ni vijifuko vidogo sana vilivyoshikana, na hewa hupita humo. Nilimwelewa kwa njia yangu. Ni kazi ya macho madogo madogo, kama sweta, na jicho moja likiachia usilidake, linashuka na mengine. Walinipima pia ule ugonjwa mwingine, nikaonekana sina. Lakini nilijua ukisema TB katika ploti yetu, hakuna atakayengoja sentensi ya pili.

Hapo ndipo nilipoanza kuficha. Dada yake mume wangu alikufa kwa kifua huko kwao, na nilishawahi kusikia alivyosemwa hata baada ya kuzikwa. Niliogopa Baba Sharon atanipeleka kwa mama yake nikae huko, abaki na mtoto. Sharon alikuwa na miaka minne. Niliogopa pia wateja. Mzazi gani atamvisha mtoto wake sweta iliyofumwa na mtu wa TB? Baadaye Sista aliniambia ugonjwa huu hausafiri kwa uzi, unasafiri kwa pumzi, na ukishaanza dawa haichukui wiki nyingi kabla hujaacha kuambukiza. Lakini hiyo ni elimu, na woga wangu haukuwa umesoma.

Kliniki walitaka mtu wa kunisimamia, anione nikimeza kila siku. Sista alisema mume ndiye mzuri. Nikamdanganya kwamba mume wangu ni wa safari. Baba Sharon ni makanika, gereji yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Nikampa jina la Mama Njoki. Wakaandika kwenye kadi yangu jina lake lote, na mbele yake wakaandika jirani, na mahali wakaandika duka lake na ploti yake Huruma. Hata pale palipotaka makao yangu mimi, niliandikisha duka lile lile. Nilijiona nimefunga kila mlango.

Mama Njoki aliichukua kazi hiyo kama askari. Alinipeleka nyuma ya magunia ya unga, akanipa vidonge, akasimama hapo. Nikishameza anasema, "Fungua mdomo." Nafungua. "Inua ulimi." Nainua. Kisha ananipa maziwa na kunifukuza kwa sababu kuna watu wanangoja mkate. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa, nilishtuka siku ya kwanza nikidhani nakufa kwa njia nyingine. Magoti yaliniuma kama ya bibi. Lakini hamu ya chakula ilirudi. Mama Njoki alianza kuniwekea yai la kuchemsha, na nilipotaka kumshukuru alisema limepasuka, haliuziki. Mayai yake yalikuwa yakipasuka karibu kila siku.

Alikuwa na mikebe miwili ya biskuti, ya aina moja, chini ya ile kaunta. Mmoja ulikuwa na dawa zangu na kadi yangu. Mwingine ulikuwa na karatasi zake, yaani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha binti yake Njoki, cheti cha kifo cha mumewe na risiti za kodi ya duka.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimerudi kwenye mistari thelathini. Nilikuwa na oda nyingi, shule zinafunguliwa Januari. Kikohozi kilikuwa kimekwisha. Tukapiga kura, matokeo yakachelewa, kisha yakatangazwa, na watu wakaanza kuchomewa nyumba na maduka.

Wengi wameshaeleza siku zile, wamezieleza vizuri kuliko mimi, na wengine waliziona kwa karibu zaidi. Watu wa kwetu hawakuwa wanatafutwa mtaani, waliotafutwa ni watu wa sehemu za kati, kama Mama Njoki. Baba Sharon alifunga matawi ya majani mlangoni, kama walivyofanya wengine ili ijulikane sisi ni nani, akaja akakaa chini ukutani na Sharon mapajani. Tulizima redio. Moshi uliingia kupitia pengo kati ya ukuta na mabati. Niliyasikia mabati ya duka la Mama Njoki yakilia kwa joto, nayajua kwa sababu duka lile lilikuwa nyuma yetu kabisa.

Nitaandika nilichowaza, kwa sababu ndicho nilichowaza. Niliwaza, dawa zangu. Mama Njoki alikuja kichwani baadaye. Dakika kadhaa baadaye.

Siku ya nne tulitoka. Nilikwenda pale palipokuwa na kaunta, nikageuza majivu kwa kijiti. Nilipata mkebe mmoja, umeungua mpaka umejikunja, ndani yake mna kitu cheusi kama majani ya chai. Nikadhani ni vidonge vyangu. Mwanamke mmoja akaniambia Mama Njoki na binti yake walitoka salama, wakachukuliwa kwa lori, sasa wako kambini, uwanja wa maonyesho, pamoja na wale wengine waliofukuzwa. Nikasema asante. Nikaenda nyumbani nikapika.

Januari na Februari sikumbuki vizuri. Siyo kwamba nimesahau, ni kwamba hakukuwa na mtu ndani wa kukumbuka. Masweta yalining'inia kwenye kamba, shule zilichelewa kufunguliwa, na zilipofunguliwa watoto wengi walikuwa hawapo. Nilikuwa na masweta ya watoto ambao sikujua wako wapi. Nilifuma, nikaosha vyombo, nikamchana Sharon nywele. Dawa sikumeza. Nilijiambia miezi miwili inatosha kwa kuwa kifua kilikuwa kimya. Nilijiambia barabara hazipitiki. Kisha zikapitika, nikajiambia sina kadi, watanifokea.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kliniki wangenipokea bila kadi. Walikuwa wanatutafuta. Baadaye Sista alinisimulia kwamba walimtuma mtu mtaani na orodha ya sisi tuliopotea, akaenda kwa makao niliyoandikisha, akakuta majivu, akaandika kwamba mgonjwa hayupo. Na mgonjwa alikuwa ploti ya nyuma, hatua thelathini, anafuma.

Mwishoni mwa Februari kikohozi kilirudi. Safari hii hakikuja polepole. Niliamka shuka limelowa, na nikaanza tena kuegemea meza kila mistari kumi, kisha minane. Siku moja nilikuwa nafuma sweta ya rangi ya maziwa, nikakohoa, na nilipotoa kitambaa palikuwa na damu juu ya kifua cha sweta. Haikuwa nyingi. Nilifumua mistari minane, nikauosha ule uzi kwa maji baridi, nikauanika, na ulipokauka nikafuma tena. Sikulia wala sikuogopa. Baba Sharon aliniuliza jioni kwa nini nimekonda. Nikamjibu ni moshi. Wakati ule kila mtu aliyekohoa Eldoret alisema ni moshi, kwa hiyo hakuuliza tena.

Mvua za Machi zilipoanza nilikwenda uwanja wa maonyesho kumtafuta Mama Njoki. Ningependa kusema nilikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kuuliza kama ile kadi iliungua au la, maana nilikuwa nimeamua kwamba bila kadi siwezi kujipeleka.

Kulikuwa na mahema meupe kadiri jicho linavyofika, na tope. Kikohozi kilitoka kila upande, cha watoto, cha wazee, kikipokezana. Nilimkuta amekaa juu ya debe lililogeuzwa mbele ya hema, anachambua maharagwe. Alikuwa amepungua. Aliniangalia kuanzia miguu hadi uso, akasema, "Hujameza."

Nikasema sijameza.

Aliingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti. Mwekundu, mzima, haujaguswa na moto. Alinieleza huku akiendelea na maharagwe. Siku ile walikuwa na muda wa kushika kitu kimoja. Aliinama chini ya kaunta akashika mkebe wa karatasi zake, akakimbia nao, akalala nao kifuani usiku mbili kwenye kituo cha polisi. Alipofika uwanjani akaufungua ili atoe kitambulisho. Akakuta vidonge vyangu.

Ule niliougeuza kwa kijiti ulikuwa wa kwake.

Kisha akaniambia lile lingine. Watu wote pale walikuwa wanaandikishwa, na orodha hiyo ndiyo ingetumika kambi ikifungwa, kujua nani alitoka wapi na asaidiwe vipi. Yeye hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha aliwahi kuishi Huruma. Mwenye ploti alikuwa amekimbia pia. Karatasi pekee duniani iliyokuwa na jina lake lote na duka lake na ploti yake ilikuwa kadi yangu ya TB. Alikwenda nayo kwenye meza ya kuandikisha. Karani akaiangalia akauliza kadi ni ya nani.

"Nilikuwa nimefunika jina yako na kidole," Mama Njoki alisema. "Akaniambia nitoe kidole. Nikakataa. Akaniambia basi mwenye kadi akuje mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini hakunitumia mtu.

"Si ulisema ni siri?"

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekukumbusha bei. Kisha akanipa mkebe. Wiki kumi alikuwa amekaa na karatasi ambayo ingemwingiza kwenye orodha, na akaikalia kwa sababu ya neno nililomwambia nyuma ya magunia ya unga. Alinieleza pia kwamba uandikishaji ni kila Alhamisi, na kwamba karibu wataufunga. Hakuniomba kitu. Mimi nilichukua mkebe, nikamwambia Mungu ambariki, nikaondoka. Ndiyo, niliondoka na kadi.

Kliniki hawakunifokea. Sista alihesabu kwa kalamu, akasema tunaanza upya na dawa zaidi, miezi minane, na miezi miwili ya kwanza kuna sindano kila siku. Sindano sitini. Vile vidonge vya mkebe alivitupa. Akanifungulia kadi mpya, na akaniuliza msimamizi ni nani sasa. Nilitaja majina kichwani. Nilimaliza majina yote. Sista alingoja, ana uwezo mkubwa wa kungoja yule mwanamke, mpaka nikasema mume wangu.

Nilimwambia Baba Sharon siku hiyo alipokuwa ananawa mafuta ya gari mikononi, karai liko kati yetu. Nilisema yote kwa mpigo, TB, duka, mkebe, miezi. Aliendelea kusugua vidole kimoja kimoja.

"Mtoto amepimwa?" akauliza.

Nikasema bado.

"Mama Njoki alijua?"

"Alijua."

"Na mimi nilikuwa nakula na wewe sahani moja, sijui."

Alikausha mikono, akachukua koti. Alilala gereji siku sita. Nilikwenda kudungwa sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikibadilisha upande, kushoto leo, kulia kesho, mpaka kukaa kwenye benchi kukawa kazi. Nilipokuwa naegemea ukuta nikingoja kuitwa, nilijaribu kuona kama nina huzuni. Nilijipapasa kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Sikupata kitu.

Siku ya saba nilimkuta ameketi kwenye lile benchi la kliniki, Sharon mapajani, amevaa shati la kanisani. Alisogea kidogo, nikakaa. Sharon alipigwa picha, akapimwa, hakuwa na ugonjwa, wakampa kidonge kidogo cha kumkinga kwa miezi sita. Baba Sharon naye alikuwa mzima. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mtoto katikati, na alichosema njia nzima ni kwamba kesho atachelewa kwenda kazini ili anione nikimeza. Mpaka leo hatujalizungumza zaidi ya hapo. Lakini kuanzia siku ile sahani tuliendelea kula moja.

Sasa ile kadi ya zamani haikuwa na kazi kwangu. Nilikuwa na mpya. Ilikaa ndani ya mkoba, na Alhamisi moja ikapita. Ningeweza kukuambia nilikuwa mgonjwa, na kweli nilikuwa mgonjwa, masikio yalikuwa yameanza kulia kwa zile sindano. Lakini miguu iliyonifikisha kliniki kila siku ingenifikisha pia uwanjani. Nilijua ni nani atakuwa kwenye ule mstari. Nusu ya watu wa Huruma waliokuwa pale, watoto wao niliwafumia. Ningesema jina la ugonjwa wangu mbele ya wateja wangu wote mara moja.

Sindano ya kumi na moja nilidungwa siku ya Alhamisi. Sista alikuwa anasugua pamba, na kwa mazoea akaniuliza nyumbani kukoje, msimamizi anakusimamia vizuri? Nikasema anasimamia vizuri. Akasema una bahati, wengine hawana wa kuwasimamia. Nikavuta sketi, nikatoka, na badala ya kushika njia ya Huruma nikashika ya uwanjani. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka kubeba ule mkoba.

Mama Njoki hakuwa kwenye mstari. Nilimtoa kwenye hema, akafunga kitambaa kichwani akanifuata. Mstari ulikuwa mrefu na wa taratibu, tulisimama humo kwa saa mbili. Wanawake walinisalimia. Mmoja aliniuliza kama nitamfumia binti yake wakipata pa kwenda, nikamwambia ndiyo. Nilikohoa ndani ya kitambaa na hakuna aliyegeuka, kila mtu alikuwa anakohoa.

Tulipofika mezani karani aliitazama kadi, akamtazama Mama Njoki, akamkumbuka. Akauliza tena, hii kadi ni ya nani?

"Ni yangu," nikasema. "Nina TB. Huyu mama alikuwa ananishikia dawa kwa duka yake, Huruma. Jina yake ndiyo hiyo hapo chini."

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini pale neno moja halihitaji sauti. Nilisikia tope likinyonya viatu nyuma yangu. Walirudi nyuma hatua mbili, tatu, wote, bila kusukumana, na pakawa na nafasi ambayo haikuwepo kwa saa mbili zote zile. Yule aliyetaka sweta ya binti yake alivuta leso akafunika pua. Siwalaumu. Kila kitu kilishawanyang'anya kitu, na mimi nilikuwa kitu kingine.

Mama Njoki hakurudi nyuma. Alibaki bega lake limegusa langu, na karani alipokuwa ananakili jina lake polepole, herufi kwa herufi, aliniambia bila kunitazama, "Umechukua siku nyingi."

"Ndiyo," nikasema.

Ndipo nikalia. Nilitafuta kitambaa nikakosa, akanipa ncha ya kile cha kichwani mwake.

Habari ilifika Huruma kabla yangu. Wiki ile masweta manne yalirudishwa, mojawapo limefuliwa na kukunjwa vizuri ndani ya gazeti, mama mwenyewe akaliacha mlangoni asije akaniona. Nilipoteza zaidi ya nusu ya wateja. Baadhi walirudi mwaka uliofuata, wengine hawajarudi. Mama mmoja wa Kiplombe alikuja akijifanya anauliza bei, akakaa, akazunguka na maneno, mwishowe akauliza zile sindano zinauma kiasi gani. Nikamwambia ukweli. Tukaenda naye kliniki kesho yake, tukakaa benchi moja, na kichupa chake hakukificha.

Nilimaliza sindano sitini mahindi yalipokuwa yamefika magotini. Baridi ya Julai ilinikuta kwenye vidonge peke yake, nikiwa na mistari ishirini. Masikio hayajapona kabisa, nasikia kama mbu yuko mbali, nimemzoea. Ngazi napanda kwa kupumzika. Daktari aliniambia lile tundu limefunga lakini limeacha kovu, na pafu lenye kovu halivuti kama jipya. Sawa. Nina sweta nyingi nilizoziba, zinavaliwa.

Mama Njoki walimpima pale kambini, hakuwa na kitu. Nilikuwa nimeingoja habari hiyo kuliko yangu. Jina lake liliingia kwenye orodha. Kambi ilipoanza kufungwa alipata alichopata, hakikuwa kikubwa, akaenda na Njoki kwa kaka yake Nyandarua, akafungua kibanda kidogo cha unga na sukari. Duka la Huruma hakurudi. Nilimwambia kuna nafasi karibu na sisi, akasema hapana, akabadilisha mazungumzo. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kwa simu ya kaka yake, na hakuwahi kuniuliza habari gani. Aliuliza, "Umemeza?" Nikisema nimemeza, anakata.

Kidonge cha mwisho kilikuwa Jumapili moja ya Novemba, watu wakiwa mashambani wanavuna. Baba Sharon alikuwa amenimiminia maji, amesimama mlangoni na kikombe. Simu ikalia. Nikamwambia Mama Njoki angoje, ndicho cha mwisho hiki, nitakimeza akisikia. Nikaiweka simu karibu na koo. Nikameza. Kisha nikajaribu kumwambia yale niliyokuwa nimeyapanga tangu uwanjani, kuhusu mkebe, kuhusu karatasi zake, kuhusu zile siku kumi na moja.

Hakuniacha nimalize.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikaanza kumwambia yuko Nyandarua, ataona nini. Hakukata, alikuwa anangoja. Nikaishusha kutoka sikioni, nikaishika mbele ya uso wangu, katikati ya chumba, mume wangu na mtoto wananitazama. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi.